Kilichokuja Pamoja na Korosho

Nilipokabidhi bambo langu kwa Hadija, mpimaji mpya wa ghala letu la korosho pale Mingoyo, aliniuliza swali lisilojibika mtu akiwa amesimama mlangoni na mfuko mkononi. "Mjomba, mtu anajuaje kuwa biashara inabadilika kabla haijabadilika?" Nikamwambia nitamwandikia. Wenzake wakadakia: kama unaandika, tuandikie sote. Basi haya ndiyo, na mnisamehe nikienda polepole. Tangu nistaafu sina lori la kuwahi.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilinikuta kwenye meza ileile, dirisha lilelile, nikipigwa na upepo uleule. Nitawaeleza habari za meza.

Kwa msomaji asiyeijua kazi yetu, bambo ni chuma chenye ncha, kina mfereji katikati. Unalichoma ubavuni mwa gunia na kulivuta, nalo linakuletea korosho za ndani kabisa, zile ambazo muuzaji hakuzipanga juu ili uzione. Mpimaji anazimwaga mezani, anazitazama, anapasua baadhi, halafu anasema daraja la kwanza au la pili. Neno hilo moja ndilo mkulima analorudi nalo nyumbani. Kwa miaka yote ile wakulima waliniita Bwana Bambo, na wengine sidhani kama waliwahi kujua nina jina jingine.

Nilianza mwaka uliofuata Uhuru. Mimi ni mtoto wa Rasbura, nimekulia karibu na samaki, na korosho nilizijua zikiwa zimekaangwa tu. Lori lilinishusha Mingoyo asubuhi, njia panda ikiwa bado na ukungu, na kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni sauti. Ndani ya ghala walikuwa wakimimina korosho kutoka gunia hadi gunia. Ilikuwa kama mvua inayoanza juu ya bati la nyumba ya jirani, mvua ambayo haikufikii wewe. Mpaka leo nikilala mchana huisikia, nami huiacha inyeshe.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Lipande, mpimaji wa ghala, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua safi na vidole vyeusi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Yalikuwa yamemchora vidole hivyo tangu enzi ambazo hakupenda kuzisimulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Basi kaa." Akachoma gunia, akamwaga mezani. "Niambie unaona nini."

"Naona korosho."

"Korosho hata mbuzi anaziona. Niambie zilizofuatana nazo."

Nikatazama upya. Kulikuwa na vumbi jekundu, mdudu mmoja aliyekufa, na uzi wa rangi ya zambarau usiofika urefu wa ukucha. Nikavitaja kwa aibu, kama mtu anayetaja uchafu wa nyumba ya watu. Mzee Lipande akaufurahia ule uzi. Akasema vumbi jekundu ni la vilimani. Uzi ni wa khanga. Kwa hiyo mwenye gunia hili ni mwanamke anayeokota kidogo kidogo kila siku na kufunga kwenye pindo la nguo. Tena ana mgeni nyumbani, ndiyo maana ameuza mapema. Akanituma nje nikaulize. Mwenye gunia alikuwa kweli mwanamke wa vilimani mwenye khanga ya zambarau. Mgeni hakuwa naye.

"Hana mgeni," nikamwambia.

"Hana? Kwa nini kauza mapema basi? Nenda kamuulize."

Ndivyo alivyokuwa. Alibahatisha sana na kukosea mara nyingi, na akikosea alichangamka kuliko alipopatia, kwa sababu alikuwa amepata kitu cha kuuliza. Takataka alizozitoa kwenye sampuli hakuzitupa. Alizitia kwenye makopo ya maziwa, kopo moja kwa kila mwezi, akayapanga dirishani. Meneja wa wakati huo alidhani ni dawa ya kienyeji, na kwa heshima hakuuliza.

Mambo mengine aliyonifundisha mnayajua, ila nitayataja. Kabla ya kupasua, paka mikono majivu au mafuta ya nazi, wala usijishike uso hadi uoge. Korosho nzuri ukiitia majini inazama. Inayoelea ni ganda tu na hewa yake. Tazama pia kitovu, pale korosho iliposhikana na bibo, tunda lake. Kitovu kikiwa safi, mkulima ameokota mapema na kulinyonga bibo vizuri. Kikiwa na mkia wa bibo lililokauka, korosho imelala chini siku nyingi ikimngoja mtu. Hilo la mkia nililiandika daftarini siku ya pili, nikalisahau kwa miaka kumi na zaidi.

Miaka ile ya mwanzo ninaikumbuka kama mtu anavyokumbuka harufu. Watu walipanda mikorosho kila mahali. Walipanda kwa sababu nchi ilikuwa yao, na mti ndiyo njia nyepesi ya kusema kesho utakuwepo. Ikifika majira ya maua, upepo wa vilimani uliteremka barabarani na utamu mwembamba. Utingo wa malori walikuwa wakinyamaza ghafla katikati ya sentensi, hawajui kwa nini. Mkorosho hauna haraka. Ulioupanda leo utakupa kidogo baada ya miaka kadhaa, na nguvu zake zote baadaye sana. Naomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo lililotupumbaza.

Mzee Lipande alistaafu, akahamia Mitwero kwa binti yake. Nikabaki mimi na meza. Makopo niliyaosha nikawagawia wauza mafuta ya taa. Nilitaka dirisha safi.

Kisha likaja Azimio, na baada yake watu wakaambiwa wahamie vijijini, wakae pamoja. Sitaki kuzungumza kama watu wanaoukumbuka wakati ule kwa ubaya tu, au kwa uzuri tu. Nilikiona kijiji kimoja cha vilimani kikipata shule na kisima ndani ya mwaka mmoja, na nikawaona wazee wakijifunza kusoma kwenye viti vya watoto, magoti yakifika kidevuni. Ila watu walihama, mikorosho haikuhama. Ilibaki kule kwenye mahame, yaani kwenye makazi waliyoyaacha, ikichanua na kuangusha bila watu.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Somoe. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Shamba lake walilipanda yeye na mumewe mwaka wa Uhuru. Mume akafariki, miti ikabaki, nayo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu watatu. Hakuwa na kingine. Korosho zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba nikimfundisha karani mpya nilimwambia: ngoja aje Bi Somoe, uone.

Msimu mmoja, mwanzoni kabisa, Bi Somoe alikuja na gunia lililoota nywele. Nasema nywele kwa sababu ndivyo lilivyoonekana kwa mbali. Nilipolikaribia nikaona ni mbegu za kishona nguo, lile jani la porini lenye mbegu nyeusi nyembamba kama sindano zinazong'ang'ania kila kinachopita. Zilikuwa zimejishona kwenye katani ya gunia, nje na ndani. Nilipochoma bambo zikatoka nazo, na nusu ya korosho zilikuwa na mikia ya bibo kavu.

Mzee Lipande angeruka juu ya kiti kwa furaha. Mimi niliona uchafu.

"Bi Somoe, hili ni daraja la pili. Au ukalichambue."

"Lina nini, mwanangu?"

"Lina majani. Na hii mikia."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja swali la pili. Halikuja. "Haya," akasema. Akakaa barazani pa ghala, akachambua hadi adhuhuri, akalirudisha limenyooka kama sare ya shule. Nikampa daraja la kwanza, nami nikajiona mtu mwema.

Waliomfuata walikuja na nywele zilezile, nikawarudisha kwa maneno yaleyale. Wakulima si wajinga. Baada ya wiki mbili wakaanza kuchambua nyumbani, wakikung'uta magunia na kukata mikia kwa visu. Hadi msimu unaisha hapakuja mbegu hata moja mezani kwangu. Ofisi ya mkoa iliandika barua ya pongezi kwa usafi wa korosho za Mingoyo. Barua hiyo bado ninayo. Panya wamekula pembe moja na sijawalaumu.

Msimu uliofuata, siku moja Mzee Lipande aliteremka njia panda akiwa safarini kwenda Mtwara kwa msiba. Lori lake lilikuwa linabadilisha gurudumu. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akachungulia dirishani, kisha mezani.

"Takataka zimekwenda wapi?"

"Nimezimaliza, mzee," nikasema kwa fahari, nikamwonyesha barua.

Akaisoma yote, pamoja na muhuri. "Umezimaliza au umezificha?"

"Sijakuelewa."

"Hii barua inasema korosho ni safi. Na mashamba?"

Nikamsimulia habari za magunia yenye nywele, nikicheka kidogo. Yeye hakucheka. Alinyoosha mguu wake uliokufa ganzi kwa safari, akauliza kwa upole, "Kishona nguo kinaota shamba lililopaliliwa?"

"Hakioti."

"Na mikia?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka sentensi ya daftarini. Korosho imelala chini siku nyingi ikimngoja mtu.

"Mwanangu," akasema, "mtu alikuja hapa amebeba barua kichwani, wewe ukamwambia aifute ndipo umpokee." Dereva akapiga honi. Mzee akaondoka na msiba wake, akaniacha na wangu.

Makosa mengine mtayafanya, hayana budi. Hili la kwangu naomba mlitazame vizuri, kwa sababu linafanana sana na kazi nzuri. Dalili ya kwanza ya mabadiliko huwa haivai sare. Inakuja imejibandika kwenye kitu kingine, inachafua meza, na kanuni uliyopewa inakuruhusu kabisa kuifagia. Huna haja ya kuacha kanuni. Rudisha gunia kama lazima lirudi. Lakini kabla hujalirudisha, uliza limetoka wapi, kisha nyamaza usikie.

Bi Somoe alipokuja wiki ile, nilimtolea kiti.

"Bi Somoe, zile mbegu za mwaka jana zilikuwa za wapi?"

"Unaniuliza leo?"

"Leo."

"Mwaka jana ungelipata jibu bichi. Hili limekauka kama bibo." Akacheka peke yake, kisha akakunja mikono. Akanieleza. Kutoka kijijini hadi shambani kwake ni mwendo wa asubuhi nzima; akiondoka baada ya sala ya alfajiri, jua linamkuta njiani limeshakuwa kali. Siku za shamba la kijiji haendi. Siku zinazobaki anafika, anaokota anachokiona chini ya nyasi, anageuka kabla hajapumzika. Kulala kule hakuruhusiwi, maana kulala kwenye mahame ni kurudi kwenye mahame. Kupalilia hawezi. Majirani zake wote vivyo hivyo, na wengine wameacha kabisa.

"Lakini unaleta magunia yaleyale," nikasema.

"Miti bado haijajua kuwa tumeondoka." Akalisema hilo bila huzuni, kama anavyotaja hali ya hewa. "Mie sihofii korosho, Bwana Bambo. Nahofia moto. Zamani tulipalilia sote, moto ukija unakosa cha kushika. Sasa vilima vyote vimeota nyasi kimo cha mtu. Ukiingia mmoja tu, utatoka huku na miti yote, na mimi sina umri wa kupanda mingine."

Nilimpelekea Meneja habari hizo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na dirisha moja tu la kutazamia. Nilimwekea mezani mbegu chache nilizozipata kwenye mshono wa gunia la zamani.

"Ghala limejaa hadi mlangoni," akasema, "na wewe unaniletea majani?"

Nikamweleza kuhusu miti ya Uhuru, kwamba ndiyo kwanza imefika kwenye nguvu zake. Kwa hiyo mavuno yanaongezeka hata kama shamba linakufa, kama mtoto mwenye homa anayeendelea kurefuka. Akasikiliza kwa kweli, akizungusha kalamu.

"Zikishuka, tutajua."

"Zikishuka, tutakuwa tumechelewa kujua."

"Basi chukua likizo yako ukazitembelee hizo nyasi. Ukirudi na chui usimlete humu."

Nikaichukua likizo wakati wa palizi, mikorosho inapoanza kuchanua. Bi Somoe alinitangulia njiani na fimbo, akiigonga ardhi ili nyoka wapishe. Sijawahi kutembea mahali kama pale. Tulipita kwenye nyumba zisizo na mapaa, udongo wake ukirudi taratibu kuwa ardhi, na mipapai ikichungulia kwenye vyumba vya kulala. Kila nyumba alimtaja mwenyewe wake, kama anayetambulisha watu. "Hapa kwa Binti Mfaume. Hapa shemeji yangu, mkorofi. Hapa mie." Halafu miti ikaanza, na harufu ya maua ikatufunika, na nyasi zikatufikia mabegani. Nyuki walikuwa wengi kiasi cha kuufanya ukimya uwe na uzito. Nilihisi tunatembea chini ya maji, huku matawi yakielea juu yetu. Ilikuwa nzuri mno. Ilinichukua muda kukumbuka kuwa ninachokitazama ni kuni zilizopangwa.

Tulipotoka, suruali yangu ilikuwa na nywele hadi kiunoni.

"Daraja la pili," akasema Bi Somoe. "Ukajichambue."

Sikujichambua. Nilikwenda hivyohivyo kwa Mwenyekiti wa kijiji, mtu makini mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kila alipopokea agizo alilikunja mara nne na kulitia mfuko wa shati. Bi Somoe alisalimia, akakaa pembeni, akaniachia nizungumze. Nikamweleza yote na kumwomba awaruhusu watu walale mashambani kipindi cha palizi tu.

"Haiwezekani," akasema. "Nikiruhusu wiki mbili, watajenga. Wakijenga, watakaa. Wakikaa, mimi ndiye nitakayeulizwa kijiji kimekwenda wapi."

"Na shamba lako mwenyewe liko wapi?"

Akaitazama suruali yangu. "Kulekule."

"Wewe umepalilia?"

"Mwenyekiti anapalilia mikutano," akadakia Bi Somoe kutoka pembeni.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta na kuivaa tena. Akachomoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kimya na kidole chake kikitembea chini ya kila mstari. Alichukua muda mrefu. "Nimeambiwa watu wasirudi kwenye mahame," akasema hatimaye. "Sikuambiwa wasilime barabara."

"Barabara ya nini?"

"Ya kijiji. Inayozunguka mashamba. Pana, isiyo na jani." Akaikunja karatasi mara nne. "Siku za kazi ya pamoja zitatumika huko. Asubuhi kwenda, jioni kurudi, hakuna anayelala."

Hiyo ndiyo ikawa njia yetu ya kuzuia moto. Nilitumia likizo yangu yote pale, na Jumapili zilizofuata. Tulifyeka na kulima ukanda mpana kuzunguka vilima, watu sitini siku nyingine, kumi siku nyingine. Mikono yangu ya mezani ilitoka malengelenge siku ya kwanza. Akina mama walinionea huruma ya aina yao.

"Bwana Bambo, jembe halichomwi kama gunia. Linainuliwa."

"Mwacheni, anatafuta daraja la udongo."

"La pili hilo. Lina mizizi."

Nilicheka nao, na nikiwa nimeinama nikajifunza mengi kuliko miaka yangu yote ya dirishani. Nilijua nani ana mtoto mgonjwa na hataokota mwaka huu. Nilijua bonde gani limeanza kupandwa muhogo mahali pa mikorosho, na vijana wangapi wamekwenda Dar es Salaam na kuacha mapanga yao ukutani. Yote hayo yangefika ghalani miaka mitatu au minne baadaye, yakiwa yamevaa sura ya gunia lililopungua.

Upande wa magharibi tukaumaliza. Wa kusini na wa kaskazini tukaumaliza. Wa mashariki ndio uliobaki, juu kabisa, kwenye mawe, mahali shamba la Bi Somoe lilipoanzia.

Moto ulikuja mchana, siku ya upepo. Nilikuwa mezani nilipoona moshi mweupe vilimani, halafu mweusi. Meneja mwenyewe alinipa lori, akasema tu, "Nenda." Tulipofika, watu wote wa kijiji walikuwa kwenye ukanda wakiwa na matawi mabichi, wakiupiga moto kila uliporuka. Kusini ulifika kwenye udongo mtupu ukasimama, kama ng'ombe anayefika mtoni. Uliingilia mashariki, kwenye mawe, na hakukuwa na la kuuzuia mpaka ulipofika kwenye kijito kinachokata shamba la Bi Somoe katikati. Pale watu walijipanga na kuupiga hadi ukachoka. Mashamba mengine yalipona. Yeye alipoteza nusu yote ya juu, ile aliyoipanda mumewe kwa mkono wake.

Kesho yake asubuhi tulipanda vilimani naye, mimi na Mwenyekiti na watu wachache. Majivu yalikuwa laini na yenye joto, hayana sauti. Ng'ambo ya kijito miti ilisimama na maua yake, na upepo ukitoka huko ulileta utamu uleule juu ya harufu ya kuungua, hivyo vyote viwili vikaingia kifuani kwa pamoja. Bi Somoe alitembea kutoka shina hadi shina. Mengine aliyashika, mengine aliyapita. Hakulia. Alipofika kwenye mawe aligeuka.

"Leo silali kijijini," akamwambia Mwenyekiti. "Kama kuna mahali unaandika majina ya watu kama mimi, andika. Nusu iliyobaki nitailinda mwenyewe."

Mwenyekiti alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati, nikajua karatasi inakuja. Haikuja. Aliuacha mkono palepale, kifuani, akitazama shamba lake mwenyewe upande wa pili wa bonde, likiwa zima.

"Huwezi kulala kwenye majivu," akasema. "Ila barabara yetu bado haijaisha upande huu. Kijiji kinahitaji kibanda cha kutunzia majembe."

"Majembe yanalala?" akauliza mtu mmoja.

"Yanalala. Yanataka na mlinzi. Na mlinzi anataka mkeka na chungu." Akavua miwani. "Msimu wa palizi kila upande utahitaji kibanda chake. Majembe ni mengi."

Tukaanza papo hapo. Nguzo tulizikata ng'ambo, kwenye miti ya mwitu. Mwenyekiti alishika nguzo, mimi nikachimba mashimo, nikiinua jembe badala ya kulichoma. Tulidhani Bi Somoe atataka mlango uelekee kwenye kijito, kwenye miti yake iliyopona, kulikokuwa na kivuli na maua. Mwenyekiti alikwisha kuanza kupima upande huo.

"Siyo huko," akasema Bi Somoe. "Huko nakujua." Akatugeuza kwa mabega, mmoja baada ya mwingine, tukatazama juu kwenye majivu. "Mlango uwe huku. Nikiamka niwe wa kwanza kuona kinachoota."